Kufunga chambo bandia: kurusha na kurambaza

Mikindani: Ndugu wavuvi, je, fundo moja linafaa kwa kurusha kutoka ufukweni na kwa kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti?

Kilwa Masoko: Kwa kurusha, acha kitanzi kidogo kwenye pete ya chambo, kwani fundo lililobana hukinyima mchezo wake majini. Lowesha mshipi wa nailoni kwa mate kabla ya kukaza, maana msuguano wa nailoni kavu huleta joto linaloidhoofisha.

Msimbati: Kwa kurambaza, tanguliza kiungo kinachozunguka, la sivyo chambo kinachojiviringisha kitausokota mshipi wote. Kati ya kiungo na chambo weka waya mfupi, kwa sababu meno ya samaki nguru hukata nailoni mara moja.

Mikindani: Na samaki kolekole?

Msimbati: Huyo nailoni nene inamtosha, waya humtia shaka.