Nimevuliwa skafu mbele ya Form One!!!

Wakuu, nimetoka kambi ya skauti sasa hivi, begi sijafungua, vumbi bado liko puani. Yule mzee wa itifaki mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa filimbi mbili shingoni, moja ya kupuliza, nyingine sijui ya mirathi.

Jana saa kumi na mbili jioni tumejipanga kushusha bendera. Kaki zangu zimepigwa pasi ya mkaa mpaka ukigusa mkunjo unakatika kidole. Soksi magotini, skafu na pete yake. Mzee akapita mstarini, akasimama kwangu. "Mwalimu, hiyo skafu kakupa nani?" Shule, nikajibu. "Vua."

VUA! Mbele ya Form One! Watoto nawafundisha hesabu!

Eti skafu yetu imefuliwa ikapauka, sasa inafanana na ya Gilwell, ya viongozi waliomaliza kozi wakapewa zile shanga mbili za mbao. Kozi yenyewe ilianza Uingereza 1919. 1919 mimi nilikuwa wapi? Bibi yangu mwenyewe alikuwa hajazaliwa!

Usiku kwenye moto wa kambi anasalimia viongozi wote mkono wa kushoto, kiskauti. Kufika kwangu akatoa wa kulia. WA KULIA, wakuu! Na asubuhi namkuta mpishi anaepulia sufuria la uji kwa skafu yangu. Nimevuliwa, jamani. Mbele ya Form One.

Kisiki cha Mpingo: Unaambiwa vua na wewe unavua?

Mleta mada: Bendera ilikuwa inashuka mkuu, hairuhusiwi hata kujikuna. Ningebishana vipi?

Kisiki cha Mpingo: Kujikuna hairuhusiwi ila kuvua inaruhusiwa. Sawa mwalimu.

Mama Nyuki: 😂😂 Baden-Powell wa watu, mwanzilishi wa skauti, kazikwa Nyeri tangu 1941 apumzike, mnataka afufuke aje kuamua kesi ya kitambaa cha kuepulia uji.

Kipara Ngoto: Soksi magotini na umri huo halafu unalalamika kudhalilishwa? Tupia picha kwanza.

Shangazi wa Tabata: Afadhali wewe. Mwanangu nimemlipia tisheti ya kambi, imeletwa, kuigeuza ndani kuna maandishi ya kikao cha harusi ya watu. Nimeiloweka mara moja tu, mashuka yote sasa hivi kijani.

Kipara Ngoto: Shangazi, na harusi yenyewe hukualikwa?

Shangazi wa Tabata: Ndiyo kinachoniuma!

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Kanipa mkono wa KULIA.

Dogo Mgambo: Nyie mnalia skafu. Mimi kwenye mafunzo nilipewa buti mbili, zote za mguu wa kushoto. Nimekwata nazo mpaka siku ya kufunga mafunzo, mgeni rasmi anapita mbele mimi nazidi kupinda kuelekea jukwaani, walinzi wakaanza kuniwahi.

Mama Nyuki: Kushoto kushoto, huo ndiyo uskauti wenyewe! 😂

Mleta mada: Form One wote walikuwa wanaangalia...

Kisiki cha Mpingo: Dogo, buti namba ngapi?

Dogo Mgambo: 42.

Kisiki cha Mpingo: Ninazo mbili za kulia hapa. Njoo inbox.