Nyumba ya Babu Dodoma: Septemba tukifika Mâcon

*Jumapili jioni*

Neema (Lyon, Ufaransa): Shikamooni wakubwa wote. Viza za Shangazi Vero na kina Kaka Joji zimetoka, sasa tupange. Wazo langu: mkitua Lyon mlale, mpumzike, halafu twende Mâcon tukae mashambani siku tatu, ndipo Paris. Mnaonaje?

Shangazi Vero (Nairobi): Marahaba mwanangu. Mâcon ndiyo wapi?

Neema: Kaskazini mwa Lyon, shangazi, kando ya mto Saône. Treni ya kawaida haimalizi saa moja. Ndio mwisho wa eneo la Burgundy upande wa kusini. Vilima, vijiji vya mawe na mizabibu kila upande.

Baraka: Mizabibu 😂😂 Watu watoke Dodoma, walipe nauli ya ndege, waende kuangalia zabibu!

Baba Mdogo Daudi: Baraka hebu tulia. Mimi huku Mpunguzi, Dodoma, ningeuza hata mbuzi nikaangalie.

Wifi Zuhura: Wifi Neema, nauliza bila kinyongo. Sisi wengine hatunywi. Mimi na mtoto, Juma, tutafanya nini siku tatu kwenye shamba la pombe? Si bora tukae Paris tu.

Baraka: ASANTE SHEMEJI. Mnara wa Eiffel unawaita.

Wifi Zuhura: Baraka, wewe huna hata tiketi.

Neema: Mnara hauhami, mtauona mpaka mchoke. Kutoka kituo cha Mâcon-Loché kwa treni ya kasi, TGV, ni kama saa moja na dakika arobaini mko Paris. Wifi, kusema kweli hata mimi sizipendi zile ziara za kuonja mvinyo. Unashuka ghala moja, unapanda, unashuka jingine, jioni hukumbuki kijiji ulichopita. Mimi nawapeleka kutembea. Sijapanga ghala lolote.

Kaka Joji: Lolote kabisa? 🥲

Wifi Zuhura: Joji nakuona.

Neema: [picha] Huu ndio Mwamba wa Solutré. Mita 493 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja ni mteremko wa kupandika, upande wa pili umekatika wima. Chini yake chote mnachokiona kijani ni mizabibu ya Chardonnay, ndiyo inayotoa mvinyo mweupe wa Pouilly-Fuissé. Pembeni kuna mwamba mwingine, Vergisson, umeelekea vilevile utadhani wamekatwa kwa panga moja.

Shangazi Vero: Mimi na magoti haya nipande hapo?

Neema: Unapanda, shangazi. Njia imetengenezwa, kutoka maegesho ya magari ni chini ya saa moja kwa mwendo wa kupumzika. Mwishoni tu kuna mawe yanayoteleza mvua ikinyesha. Mitterrand, rais wa zamani wa Ufaransa, alipanda kila Pentekoste tangu 1946, na alipokuwa rais waandishi wa habari walikuwa wakimkimbilia nyuma kupata neno. Aliendelea mpaka uzee wake.

Baba Mdogo Daudi: Kwa nini pale hasa?

Neema: Mkewe, Danielle, kwao ni Cluny, jirani hapo. Wakati wa vita walijificha huko kwenye harakati dhidi ya Wajerumani.

Baraka: Ngoja, Solutré naijua! Nimeona video. Watu wa kale walikuwa wanawafukuza farasi mpaka juu, wanaruka wenyewe, wanakufa, watu wanakula nyama. Maelfu ya farasi!

Wifi Zuhura: Subhanallah. Huko ndiko mnampeleka mtoto?

Neema: Baraka, hiyo ni hadithi ya riwaya. Mmoja wa waliochimba pale karne ya 19 aliandika kitabu cha kubuni, watu wakakiamini kuliko mifupa yenyewe. Mifupa ipo kweli, tena mingi mno, lakini haipo chini ya genge. Iko kwenye mteremko wa upande mwingine. Farasi walikuwa wanapita bondeni kila mwaka wakihama na majira, na watu waliwavizia hapohapo chini. Wala hawakuwa na haja ya kuwapandisha mlimani.

Kaka Joji: Inaingia akilini. Nani atamfukuza farasi kupanda mlima wakati anaweza kumngoja mtoni.

Neema: Ndiyo hivyo. Na kuna jumba la makumbusho limechimbiwa ardhini hapo miguuni mwa mwamba. Mna ncha za mawe zenye umbo la jani, nyembamba mpaka unajiuliza walizichongaje bila kuzivunja. Za takriban miaka 20,000. Wataalamu wameupa utamaduni ule wote jina la kijiji hiki, ukikuta ncha kama hizo Hispania nako wanaita Solutré.

Wifi Zuhura: Farasi wa siku hizi wapo?

Neema: Wapo juu kabisa! Wadogo wadogo, wa kijivu, aina ya Konik kutoka Poland. Wanaachiwa wale nyasi ili vichaka visimeze kilele. Juma atawaona bila kulipa chochote. Na Cluny kuna zizi la farasi lililoanzishwa na serikali enzi za Napoleon.

Wifi Zuhura: Hapo umenishika kidogo. Kidogo tu.

*Jumatatu*

Shangazi Vero: Neema, umesema Cluny. Ile ya watawa?

Neema: Hiyohiyo shangazi. Abasia ya mwaka 910.

Shangazi Vero: Wabenedikto hao. Kama wale wa Peramiho na Ndanda kwetu Tanzania.

Neema: Kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto. Kanisa lao la mwisho lilikuwa na urefu wa mita 187, hakukuwa na kubwa kuliko hilo kwa Wakristo mpaka Roma walipojenga upya Mt. Petro. Lakini nakuonya mapema usije ukasikitika: limebaki kipande. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa, walionunua wakalivunja wauze mawe, miaka na miaka. Wakapitisha hata barabara katikati ya kanisa.

Shangazi Vero: Ee Mungu.

Neema: Mnara mmoja wa pembe nane bado umesimama. Ukiangalia ule mmoja ukafikiria ilivyokuwa minara yote, unapata hasira. Wameweka skrini zinazoonyesha jengo zima palepale ulipo. Mimi hufurahia zaidi hizo skrini kuliko maelezo ya ukutani.

Baba Mdogo Daudi: Watawa hao ndio waliopanda mizabibu?

Neema: Walikuwa na mashamba mengi sana ya mizabibu, Baba Mdogo, hapo Mâcon na kwingine. Misa inataka divai.

Shangazi Vero: Sasa sikilizeni. Nimeangalia ramani. Karibu na Cluny naona Taizé. Ndiyo Taizé YENYEWE, ile jumuiya ya mabruda??

Neema: Ndiyo, ni kama kilomita kumi tu. Nilikuwa nasubiri uione mwenyewe 😂

Shangazi Vero: Jamani! 2008 walipofanya mkutano wa vijana hapa Nairobi, parokia yetu ilipokea wageni majumbani. Mimi nililaza wasichana wa Poland na wa Rwanda sebuleni, tukawa tunaimba mpaka usiku. Na mabruda wao waliishi Mathare miaka mingi, mtaani kabisa, si kwenye nyumba ya fahari. Kumbe ni hapo!

Neema: Ni kijiji kidogo juu ya kilima. Bruda Roger, mwanzilishi, alifika 1940 akitokea Uswisi, vita vimepamba moto, akawahifadhi wakimbizi. Sala ni tatu kwa siku. Ya mchana ni saa sita na dakika ishirini, ya jioni saa mbili na nusu. Unaingia, unakaa chini, hakuna kiingilio wala anayekuuliza dhehebu.

Shangazi Vero: Basi mimi Paris msinihesabie. Niacheni hapo.

Kaka Joji: Na mimi je? Farasi wa Juma, sala za Shangazi. Mimi?

Neema: Wewe baiskeli. Kuna njia inaitwa Voie Verte, imepita juu ya reli ya zamani, magari hayaruhusiwi. Kipande cha Cluny hadi Givry kilifunguliwa miaka ya 90, ni kati ya za mwanzo Ufaransa. Haina milima kwa sababu treni haipandi milima. Kuelekea Mâcon unapita handaki la Bois Clair, kilomita 1.6, lina taa, lakini ndani ni baridi hata kiangazi. Beba sweta. Majira ya baridi wanalifunga popo walale.

Kaka Joji: Popo wana handaki lao. Ufaransa bwana.

Baraka: Sasa hapo mmeanza kunishawishi na mimi.

Wifi Zuhura: Kata tiketi basi.

Baraka: 🙈

Wifi Zuhura: Chakula je, wifi?

Neema: Hili sikiliza vizuri. Burgundy nyama nyingi hupikwa kwa mvinyo. Bœuf bourguignon, coq au vin, hata mayai ya *en meurette* yanaelea kwenye mchuzi wa mvinyo mwekundu. Usiagize mchuzi kabla hujauliza. Jumamosi asubuhi kuna soko kando ya mto, tutachukua jibini ya mbuzi, zile ndogo zinaitwa mâconnais, mkate, matunda, samaki tukaange wenyewe. Nimetafuta nyumba yenye jiko kwa ajili hiyo. Na wakulima wengine huuza juisi ya zabibu, tamu mno, Juma ataimaliza chupa.

Kaka Joji: Vyura je? Nasikia huko wanakula.

Neema: Wanakula, hasa ng'ambo ya mto. Hiyo safari utaenda peke yako.

Baba Mdogo Daudi: Nami nina maswali yangu. Mizabibu ya kwenye picha mbona mifupi hivyo? Huku tunaipandisha juu tupite chini yake.

Neema: Huku inakatwa karibu na ardhi, imesongamana, maelfu kwa hekta. Mâcon wana mtindo wao: tawi moja refu wanalikunja kama upinde na kulifunga kwenye waya. Na hawamwagilii.

Baba Mdogo Daudi: Hawamwagilii! Mvua zao za kila mwezi hizo. Wanavuna mara ngapi?

Neema: Mara moja, Septemba hivi, wakati mwingine wanaanza Agosti. Ikifika baridi mti unalala.

Baba Mdogo Daudi: Sisi mara mbili, Machi na tena Agosti kuelekea Septemba. Kwa hiyo wao wakikosa, mwaka umekwenda.

Neema: Umekwenda. Aprili 2021 baridi ya ghafla iliunguza machipukizi karibu nchi nzima. Wengine walikesha wakiwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari ili kupasha hewa joto.

Baba Mdogo Daudi: Pole yao. Hilo huku hatulijui, sisi tunapigana na ndege na bei.

Baba Mdogo Daudi: Sasa Joji, mkifika nataka picha. Si za sura zenu. Inama upige shina, pale chini walipounganisha. Najua wanapandikizia kwenye shina la Kimarekani tangu yule mdudu wa mizizi alipowamaliza karne ya 19. Nataka kuona kovu liko juu ya udongo kiasi gani. Na msichume hata punje, ni mali ya mtu.

Kaka Joji: Sawa Baba Mdogo. Picha za mashina.

Wifi Zuhura: Haya, mimi nimekubali. Siku ya kwanza mwamba na farasi, ya pili Cluny na Taizé, ya tatu soko na Joji aende na baiskeli yake. Ila kupanda mwamba iwe asubuhi kabla ya jua.

Neema: Imepita hiyo. Nitakodi gari, mabasi ya kufika Solutré ni machache. Cluny na Taizé basi la Mobigo lipo ikibidi.

Shangazi Vero: Neema, nitumie bei ya nyumba leo, kesho naenda benki. Na viatu, raba za kawaida zinatosha?

Neema: Zinatosha, ila ziwe na kashata chini, shangazi, si zile zako nyeupe za jumuiya.

Wifi Zuhura: Vya Juma ninunue namba ngapi? Mpaka Septemba huyu atakuwa ameshavikataa.