Tupeane uzoefu: meno ya watoto wetu na michezo ya shuleni

Mama wa Nkuhungu: Jana jioni nilimwona mtoto wa jirani akitoka uwanjani ameziba mdomo, damu ikimchuruzika hadi kwenye fulana. Ninyi mliopatwa na hayo, mlifanyaje? Na ile kinga ya meno wanayovaa mabondia, kuna aliyewahi kumvalisha mtoto wake?

Baba Wawili, Kizota: Sisi yalitupata mwezi wa nane, uwanja umekauka kama sakafu na vumbi linapeperuka. Mwanangu, mwenye miaka 10, alikuwa golikipa. Alipoinama kuudaka mpira, goti la mwenzake likamkuta mdomoni na jino la mbele likaruka zima, pamoja na mzizi wake. Mwalimu wa zamu, kwa nia njema kabisa, aliliokota, akalisugua bombani kwa sabuni mpaka likang'aa, akalifunga kwenye karatasi, ndipo akanipigia simu. Tulipofika hospitali saa mbili zilikuwa zimepita. Daktari wa meno alinieleza taratibu kwamba juu ya mzizi kuna utando mwembamba unaolishikisha jino kwenye mfupa, na kwamba wa mwanangu ulikuwa umesuguliwa, uliosalia ukakauka. Jino la kudumu hushikwa upande wa kutafunia, husuuzwa kidogo tu, kisha hurudishwa kwenye tundu lake papo hapo. Ikishindikana, hutiwa kwenye maziwa na mtoto akimbizwe kwa daktari ndani ya nusu saa. Niliyasikia hayo nikiwa nimeshika ile karatasi.

Mama Neema, Mpwapwa: Hata letu lilifungwa kwenye karatasi.

Mwalimu wa Michezo, Kongwa: Ndugu mzazi, pole sana, lakini mwalimu yule hakufundishwa. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inadai kinga za ugoko, wala haitaji kinga ya meno. Nina watoto wanaocheza pekupeku. Nianze na meno au na viatu?

Baba Wawili: Mwalimu, simlaumu. Ila kidole cha mguu hupona, jino la kudumu halioti tena.

Mwalimu wa Michezo, Kongwa: Aliyekanyaga msumari hatakubaliana nawe.

Shangazi wa Chamwino: Jino likitoka, litieni kwenye maji ya chumvi usiku kucha.

Muuguzi, Kondoa: Shangazi, shikamoo. Usiku kucha ni kuchelewa mno. Maziwa, na kuwahi hospitali. Tena jino la utotoni lisirudishwe kamwe, kwani linaweza kudhuru la kudumu linaloota chini yake.

Mama Neema: Nilimnunulia wangu kinga ya kulainisha kwa maji ya moto kisha kung'ata. Wiki ya kwanza aliilalamikia kwamba inamkaba, sasa haingii uwanjani bila hiyo.

Mjomba wa Singida: Msiharakishe kununua, mdomo wa mtoto unakua. Ngojeni meno yote yaote.

Muuguzi, Kondoa: Mjomba, meno ya mbele huota kati ya miaka 6 na 9, na hapo ndipo yanapovunjika. Ikimbana, ibadilishwe. Ile ya kupimiwa na daktari hukaa vizuri zaidi, ingawa bei yake ni kubwa.

Mama wa Nkuhungu: Baba Wawili, mtoto anaendeleaje?

Baba Wawili: Amerudi golini. Kabla ya mechi hulivua jino la bandia, huliweka kwenye kikopo chenye kifuniko, ndipo huvaa kinga. Yule mwalimu sasa hubeba pakiti ya maziwa kwenye mfuko wa mipira.