Wauza hedifoni mnatupiga: sauti za waimbaji wanawake mmezizika chini ya besi

Wakuu, salaam.

Hivi ni nani aliyewaambia wauza hedifoni wa hapa Dar kwamba kila mteja anasikiliza singeli na amapiano tu? Mimi ni mtu wa taarabu ya zamani. Shakila, Patricia Hillary, Bi Kidude, na wale wa Mombasa, Malika na Zuhura Swaleh. Nimeingia duka moja (silitaji, wenyewe wanajijua), nikamweleza kijana kinagaubaga kwamba nataka hedifoni ya kusikilizia waimbaji wanawake. Akanivisha dude jeusi la Bluetooth, akafungulia amapiano mpaka taya zikatetemeka. "Bosi, sikia mzigo huo!" Nikampa simu yangu aweke Shakila. Akasema eti wimbo umerekodiwa vibaya, haufai kupimia.

Haufai! Ndio wimbo nitakaousikiliza mimi, sasa nipimie nini, king'ora cha ambulansi?

Akaniapia kwamba nikishaipigisha wiki mbili "itafunguka", yaani sauti itakaa sawa yenyewe. Laki mbili na ushee zikamtoka mtu. Haijafunguka kitu. Dumbaki inagonga sikioni, fidla zimepotea, na mama wa watu anaimba kama kafunikwa blanketi. Halafu akifika kwenye "s" au "sh", inachoma mpaka unakunja uso. Bi Kidude ndiye aliyeniuma zaidi, maana utamu wake wote uko kwenye ule mkwaruzo, na mkwaruzo hausikiki.

Hili halihitaji uchawi kulieleza. Noti za mwanamke anayeimba kwa kawaida zinacheza kati ya Hz 200 na 1000 (Hz ni mitetemo kwa sekunde; namba ikipanda, sauti inakuwa nyembamba). Kinachomfanya asikike yuko mbele yako, maneno yakatoka moja moja, kiko juu zaidi, kwenye Hz 2000 hadi 4000, na hapo ndipo sikio la binadamu lilipo kali. Zile "s" zinazochoma zinaanzia kama Hz 5000 kwenda juu. Sasa hawa wanapandisha besi, wanapandisha na juu kabisa ili ionekane "safi", katikati wanachimba shimo. Mwimbaji kaanguka humo. Ukija kwenye kanda za zamani za redio ndiyo balaa, kwa sababu besi yenyewe ni haba, kwa hiyo unachokuziwa ni mngurumo wa umeme wa Hz 50 uliokuwa umejificha kwenye kanda.

Nimerudi kulalamika. Jibu? "Bosi, wewe tatizo lako amplifaya." Akanitolea boksi limeandikwa 3000W PMPO.

Jamani. Hedifoni ya Bluetooth ina amplifaya yake humo ndani. Hiyo nyingine naichomeka wapi, shingoni? Na hizo wati za PMPO ni namba za kupambia boksi, hazina kipimo kimoja kinachokubalika. Anayejua anauliza RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo. Isitoshe hedifoni inaendeshwa na miliwati, siyo maelfu ya wati. Amplifaya nzuri haiwezi kulijaza shimo ambalo hedifoni yenyewe imelichimba.

Amplifaya ina kazi, sikatai, ila kazi yake ni nyingine. Chukua hedifoni ya waya ya Sennheiser HD 600, iko sokoni tangu 1997 na mpaka leo watu wanaisifia kwa sauti za kati. Ina ukinzani (yaani inavyouzuia umeme, hupimwa kwa omu) wa omu 300, kwa hiyo simu nyingi zinaisukuma kinyonge, hasa kwa rekodi zenye sauti ndogo. Hapo amplifaya inahitajika kweli. Na wapenzi wa amplifaya za valvu (zile za mirija ya kioo, za kizamani) wana hoja: nyingi zina ukinzani mkubwa kwenye tundu la kutolea sauti, na hedifoni hiyo ukinzani wake unapanda karibu na Hz 100, basi besi ya juu inavimba kidogo na sauti ya mama inapata joto. Wengine tunalipenda joto hilo. Lakini amplifaya hiyohiyo ukiichomekea hedifoni ya omu 32 mara nyingi inakoroga sauti. Kanuni ya wazoefu ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni, yaani kwa omu 32 usivuke omu 4. Nimemuuliza yule kijana tundu lake lina omu ngapi, akanijibu, "Bosi, hii ina taa za rangi saba."

Na ninyi mnaojirekodi mkifungua maboksi, nanyi mmo. Kila kitu kwenu "kinakita". Sijawahi kuona hata mmoja wenu akaweka taarabu, wala kwaya, wala Lady Jaydee, akatuambia sauti imekaa wapi.

Ikwalaiza nimeshagusa, msinipe ushauri huo. Nimeshusha besi, nikapandisha kidogo kwenye Hz 3000, mama akasogea mbele hatua moja, ila "s" bado zinachoma na hela yangu bado iko kwao; wanasema mzigo ukishafunguliwa haurudi.

Anayejua duka Dar au Zanzibar linalokuruhusu uingie na simu yako, uchomeke wimbo wako, usikilize kabla ya kulipa, alitaje hapa. Hedifoni ya waya, iliyo wazi nyuma, hata iliyotumika sawa tu. Wa kuniambia niagize nje apite kimya, nataka niivae kwanza.