Tunahamia Kanada mimi na mke wangu, nyumba tununue Edmonton, Calgary au Brampton?

fundi_wa_goba

Habari za saa hizi wakuu. Mimi na mke wangu tumepata PR (ukaazi wa kudumu) ya Kanada na tunatarajia kuondoka Dar mwezi wa tano na watoto wawili. Yeye ni nesi, mimi fundi umeme. Tuna akiba kiasi na nyumba Goba ambayo tunaweza kuiuza, kwa hiyo wazo letu tukifika tusikae kulipa kodi kwa watu, tununue moja kwa moja. Shida ni wapi sasa. Mimi naipenda Edmonton maana nimeona mtandaoni nyumba za dola 400,000 zina vyumba vitatu na garaji, mke wangu anataka Brampton sababu dada yake yuko kule, na kuna jamaa anatuambia Calgary ndo kila kitu. Tumebishana mpaka tumechoka ndo maana nimeileta huku. Halafu nasikia wageni wamekatazwa kununua nyumba, hiyo inatuhusu? Walioko huko naombeni mawazo tafadhali.

mama_neema

Hongereni sana kaka, PR sio kitu kidogo. Sisi tuko Edmonton. Katazo la wageni lipo kweli, lilianza Januari 2023 na limesogezwa mpaka mwanzoni mwa 2027, ila halimgusi mwenye PR, hilo mlitoe kichwani kabisa.

Kinachonipa wasiwasi ni hilo la kununua mkishuka tu kwenye ndege. Wifi ni nesi, na huku leseni ya unesi inatolewa na jimbo, sio na nchi nzima. Alberta (ndiko Edmonton na Calgary) wana chombo chao, Ontario (ndiko Brampton) wana chao, vyeti vyake vitakaguliwa kwanza, kuna mtihani wa leseni ya unesi unaitwa NCLEX, na hakuna anayeweza kukuambia yote yataisha lini. Na wewe umeme huku ni kazi ya cheti vilevile, hukai tu ukaanza kuvuta nyaya za watu. Sasa mkijifunga na nyumba Edmonton halafu kazi ya wifi ikatokea mji mwingine wa Alberta kama Red Deer au Fort McMurray mtafanyaje? Acheni leseni itangulie nyumba ifuate, nasema hivi kwa moyo wote maana nimeona familia za watu zinaishi mbalimbali mke huku mume kule kwa sababu ya mkopo wa nyumba.

Pangeni kwanza, na mpange mpaka baridi yote ipite. Mwezi wa saba kila mtaa wa huku unapendeza. Subirini Januari ifike minus 30, gari limelala nje limechomekwa kwenye umeme ili asubuhi liwake, na wifi anatakiwa awahi shifti ya saa moja asubuhi, hapo ndo mtajua kama mnataka kukaa mbali na treni au la. Mtaa wa Mill Woods hapa Edmonton kwa mfano, ile treni ya Valley Line iliyofunguliwa Novemba 2023 inafika, na hospitali ya Grey Nuns ina kituo chake hapohapo. Nesi anayekaa pale hata gari likigoma anafika kazini.

binti_tabora

Nimuunge mkono wifi kidogo jamani, mbona kila mtu anasukumia Alberta. Watoto wawili, mama anaingia shifti ya usiku, baba naye yuko saiti alfajiri, dada wa damu akiwa mtaa wa pili hicho kitu huwezi kukipigia bei. Mimi niko Brampton na bila mama mdogo wangu sijui ningeweza vipi mwaka wa kwanza.

Lakini hela niwaambie ukweli. Kianzio cha chini, yaani hela yenu wenyewe kabla ya mkopo, ni asilimia 5 ya laki tano za kwanza na asilimia 10 ya kinachozidi hapo. Nyumba ya 400,000 kianzio 20,000. Huku kwetu mkienda ya 900,000 kianzio ni 65,000, na kodi ya jimbo ya kuhamisha umiliki ni 14,475 mnalipa keshi siku ya kukamilisha ununuzi, haiingii kwenye mkopo. Alberta hawana kodi hiyo, wana ada za usajili tu. Mnunuzi wa mara ya kwanza Ontario anarudishiwa mpaka 4,000, ila sharti uwe hujawahi kumiliki nyumba popote duniani, na nyinyi Goba mna nyumba, kwa hiyo msiiweke kwenye hesabu.

Na kianzio kikiwa chini ya asilimia 20 mnabebeshwa bima ya mkopo. Kwenye ile ya 400,000 deni la 380,000 linaongezewa asilimia 4, yaani 15,200 juu, na mnailipia riba miaka yote hiyo.

paa_la_calgary

Mkuu mimi nafanya kazi za mapaa Calgary. Jiji zuri, kazi zipo, ila muulize huyo jamaa yako kama amekuambia habari ya mvua ya mawe. Juni 2020 na Agosti 2024 kaskazini mashariki ya jiji ilipigwa vibaya sana, na ndo upande ambao wageni wengi tunanunua sababu bei inashikika. Ukienda kuangalia nyumba zunguka nje, tazama ukuta wa plastiki ule upande wa magharibi kama una matundu, angalia mabati ya mfereji wa maji kama yamebonyea. Uliza paa limebadilishwa mwaka gani na uombe risiti. Halafu pigia kampuni ya bima wakupe bei KABLA hujasaini.

njeri_wa_ruiru

Mko na baraka, hongera. Mimi niko Edmonton pia, na naona mama_neema amesema ukweli lakini naongeza kitu cha pesa. Benki itataka kuona pesa ya kianzio imekaa kwa akaunti siku 90 na ilitoka wapi, so mkiuza nyumba ya Goba wekeni karatasi zote, mkataba wa mauzo, risiti za benki, kila kitu. Ikiingia ghafla bila maelezo mtaulizwa maswali mpaka mchoke.

Pia amueni mapema majina kwa hati. Kuna umiliki wa pamoja ambapo mmoja akiaga yote inabaki kwa mwenzake, na kuna wa hisa ambapo sehemu yake inafuata wosia. Muulize wakili akiwa na nyinyi wawili mmekaa pamoja, si mmoja aende asaini akuje kumwelezea mwingine.

fundi_wa_goba

Asanteni sana wakuu, nimemsomea mke wangu yote. Hilo la leseni limemgusa, anasema anaangalia kwanza taratibu za Alberta na Ontario ndo tuamue, nyumba isubiri. Mama Neema, je tukipanga Mill Woods, besmenti (vyumba vya chini ya nyumba ya mtu) inafaa kwa familia?

mama_neema

Inafaa, ila uliza kama ina kibali cha jiji kama makazi ya kupangisha. Ingia kila chumba cha kulala uangalie dirisha kama mtu mzima anaweza kutokea moto ukiwaka, zipo ambazo hata mtoto hapiti. Ulizia pia mtambo wa joto unaongozwa na nani, maana kama kidude cha kurekebishia joto kiko juu kwa mwenye nyumba yeye ndo anaamua watoto wako walale na joto kiasi gani. Mkipata tarehe ya kufika niandikie inbox, nitaenda kuwaangalizia kabla hamjamtumia mtu hela.