Kiti cha okestra au kwarteti: miaka ya János Starker inatufundisha nini?

Binti wa Pangani aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Mimi ni mpiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, mzaliwa wa Pangani. Chombo hiki nilikiona kwa mara ya kwanza Unguja, mikononi mwa mzee mmoja wa taarab, na sasa ninamalizia masomo yangu Ujerumani. Okestra moja imenikubali kwa mwaka wa majaribio, ambao ukiisha wanamuziki wenyewe watapiga kura kuamua kama nibaki. Hata hivyo, kwa miaka mitatu nimekuwa katika kwarteti ya nyuzi, yaani kikundi cha watu wanne: fidla mbili, viola na selo, na wenzangu wanahofia kwamba mazoezi yetu yatakufa. Nimesoma sana habari za János Starker, mpiga selo Mhungari aliyepiga katika okestra za Marekani kwa miaka kumi, kisha akaondoka mwaka 1958. Je, miaka ile ilimjenga au ilimpotea? Naomba wenye uzoefu wanieleze bila kunificha.

Mstaafu wa Safu alijibu:

Marahaba, binti yangu. Nimekaa katika safu ya selo, yaani kundi la wapiga selo wa okestra, miaka 26, kwa hiyo yapokee maneno yangu kama ya mtu aliyeipenda kazi ile. Starker alizaliwa Budapest mwaka 1924 katika familia ya Kiyahudi. Kaka zake wawili, wote wapiga fidla, waliuawa na Wanazi, na vita vilipokwisha yeye alishika kiti cha kwanza cha selo katika opera ya mji huo kabla ya kuihama nchi mwaka 1946. Alifika Marekani mwaka 1948 akaanzia okestra ya Dallas iliyoongozwa na Antal Doráti, mwaka uliofuata akaingia Metropolitan Opera ya New York alikokuwapo kiongozi wa okestra Fritz Reiner, na Reiner alipokabidhiwa Okestra ya Simfonia ya Chicago mwaka 1953, akamfuata huko. Hebu fikiria kukaa misimu minne chini ya jukwaa la opera: mwimbaji leo anaivuta sauti kuliko alivyoivuta jana, nawe huna budi kuuchelewesha upinde wako papo hapo, pamoja na wenzako wote. Hilo hulipati ukijifungia chumbani na mazoezi yako.

Tazama pia sehemu ya tatu ya konsato ya pili ya piano ya mtunzi Brahms, yaani muziki wa mpiga piano mmoja pamoja na okestra. Inafunguliwa na selo moja, vyombo vingine vya nyuzi vikiisindikiza, ilhali mpiga piano ambaye watu wamekuja kumsikiliza amenyamaza, mikono yake mapajani. Ukishamaliza wimbo ule unarudi mara moja kuwa sauti moja katika safu. Mtu aliyezoea kupanda na kushuka hivyo hapotezi miaka, mwanangu.

Selo ya Nne alijibu:

Namheshimu sana mzee wetu, lakini kuna jambo ambalo safu haiwezi kukupa. Katika okestra pinde kumi zinakufunika. Katika kwarteti selo ni wewe peke yako, na wenzako watatu wanazipanga sauti zao juu ya yako. Chukua uzi wa C, ulio wa chini kabisa kati ya nyuzi nne za selo. Ukizilinganisha nyuzi kwa usafi kamili, kutoka A kushuka D, kisha G, hadi C, utaikuta ile C imezama mno inapokutana na uzi wa E wa fidla. Ndiyo maana wengi wetu huupandisha uzi ule kidogo mno, kiasi ambacho msikilizaji hakitambui, lakini kikikosekana anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Sikio la namna hiyo hutunzwa kwa mazoezi ya kila wiki, na ukilipumzisha mwaka mzima utalirudia kwa taabu.

Starker mwenyewe hakungoja aachane na okestra ndipo apige muziki wa vikundi vidogo, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa katika kwarteti iitwayo Roth Quartet. Zile trio za Brahms, muziki wa watu watatu, alizorekodi pamoja na mpiga fidla Josef Suk na mpiga piano Julius Katchen zilikuja baadaye, katika miaka ya 1960, zikiwa matunda ya mti uliokwisha kupandwa.

Mama Fidla alijibu:

Mdogo wangu, kumbuka alikwenda wapi mwaka 1958: alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Indiana, mjini Bloomington, na mji huo ndio aliofia mwaka 2013. Alipokiacha kiti cha Chicago alikuwa ameshapata mshahara mwingine. Kwarteti chache sana huwalisha watu wanne. Kabla ya kutia saini, wapelekee wakuu wa okestra tarehe za maonyesho ya kwarteti yenu kwa maandishi, uombe ruhusa mapema.

Binti wa Pangani alijibu:

Nawashukuru sana, na kwako mzee shikamoo tena. Jana niliwasomea wenzangu majibu yenu, na tukaafikiana kukutana kila Jumatatu asubuhi, kwa kuwa okestra haina kazi siku hiyo. Tutaanza na kwarteti ya mtunzi Haydn, Opus 20 namba 2, ambayo wimbo wake wa kwanza kabisa umepewa selo. Iko katika C, kwa hiyo Jumatatu nitaulinganisha ule uzi wa chini kama alivyoeleza Selo ya Nne, kisha nitawaomba wenzangu wasikilize.