Hodi kwa Kihispania: tupeane uzoefu wa maneno ya mgeni

Wakuu, tuweke hapa maneno ya adabu ya mtu aliyealikwa nyumbani. Taja na nchi, maana ya Madrid siyo ya Mexico.

— Naanza na Mexico. Hata ukifunguliwa mlango usiingie kimya. Sema "Con permiso" (kwa ruhusa yako), usubiri "Pase" au "Adelante" (karibu ndani), ndipo uvuke kizingiti. Ukiambiwa "Está en su casa" (uko nyumbani kwako), jibu "Gracias, muy amable" (asante, wewe ni mkarimu). Ni adabu tu, hujaruhusiwa kufungua friji. Mtego upo hapa: mwenyeji wa kizamani akisema "Lo esperamos en su casa" (neno kwa neno: tunakusubiri nyumbani kwako), anakualika kwake. Usibaki kwako ukisubiri wageni!

— Nyongeza: wazee wa Mexico na Colombia waite "usted" ("wewe" ya heshima) mpaka wenyewe wakuruhusu "tú" ("wewe" ya kawaida). Kitenzi nacho kifuate: "¿Cómo está usted?" Wengi wanaharibu kwa "usted estás", maana "estás" ni ya "tú". Hispania wanahamia "tú" mapema sana.

— Hispania, ukikabidhi zawadi: "Te he traído un detallito" (nimekuletea kijizawadi). Akijibu "No tenías que haberte molestado", hajakasirika; anasema hukupaswa kujisumbua. Malizia na "No es nada" (si kitu). Divai au keki sawa, ila maua ya krisanthemumu acha, hayo ni ya makaburini, hasa tarehe 1 Novemba.

— Mezani: kutakia watu mlo mwema, Hispania "Que aproveche", Mexico "Provecho", hata ukiwapita tu watu wanaokula. Kukataa kuongezwa, sifu kwanza: "Está riquísimo, pero ya no puedo más, gracias" (kitamu sana, ila siwezi tena, asante). "No" tupu inamvunja moyo mpishi.

— Argentina angalieni mate, kinywaji cha majani kinachonywewa kwa mrija. Kibuyu kinazunguka, unakunywa chote, unamrudishia anayemimina bila neno. Ukisema "gracias" (asante) wakati wa kurudisha, umetangaza kwamba umetosheka, na zamu ijayo unarukwa. Mrija pia usiukoroge, majani yanavurugika na kuuziba.

— Kuaga je?

— "Bueno, ya me retiro, gracias por todo" (haya, naondoka, asante kwa yote). Utasikia "¿Tan pronto?" (mapema hivi?). Hiyo ni heshima, siyo lazima ukae tena. Ila usikimbilie kushika kitasa cha mlango. Hispania baada ya kula kuna maongezi marefu palepale mezani, na anayeinuka mara tu akiweka kijiko chini anaonekana alifuata chakula.

— Na choo?

— Mexico: "¿Me presta su baño?" Ndiyo, unaomba kuazimwa. Hispania "¿Puedo pasar al baño?" inatosha.